Reli ya Abergynolwyn: Mali Isimtegemee Mtu Mmoja

(Hotuba kwa wajumbe wa vyama vya msingi)



Katika milima ya Wales kipo kijiji kidogo kiitwacho Abergynolwyn. Kijiji hicho kilijengwa miaka ya 1860 kwa ajili ya wachimbaji wa Bryn Eglwys, machimbo ya jiwe lipasukalo vibamba vyembamba vya kuezekea nyumba. Hapo kwanza mawe yalibebwa na farasi kupita milimani. Mwaka 1865 wenye machimbo, matajiri wa pamba wa Manchester, walipata sheria ya Bunge ya kujenga reli nyembamba ya Talyllyn hadi mji wa Tywyn. Mawe yakashuka, makaa yakapanda. Na mizigo ya wanakijiji ikateremshwa kwa kamba hadi penye nyumba zao.

Mwaka 1911 machimbo na reli vilinunuliwa na Henry Haydn Jones, Mbunge wa huko. Faida ilipokwisha, aliahidi kuwa treni itakwenda muda wote wa uhai wake, naye akatimiza. Lakini Desemba 1946 machimbo yaliporomoka yakafungwa. Mataruma yalioza, na kati ya injini mbili, moja tu, Dolgoch, ndiyo iliyoweza kufanya kazi. Julai 1950 akafariki. Ahadi ya mtu mmoja huzikwa pamoja naye.

Oktoba 11, 1950, watu walioitikia mwito wa mwandishi Tom Rolt walikutana Birmingham, wakaunda chama cha kuitunza reli. Walitoa ada za uanachama, wakafyeka majani, wakabadili mataruma kwa mikono yao bila ujira. Mei 14, 1951, treni yao ya kwanza ikaondoka Tywyn. Ilikuwa reli ya kwanza duniani kuokolewa na watu wa kujitolea, na hata leo inachukua abiria. Mwaka 2021 UNESCO iliitia reli hiyo, pamoja na kijiji na machimbo yake, katika Urithi wa Dunia.

Hata hivyo, ukweli wote na usemwe. Waanzilishi wengi hawakuwa wenyeji wa kijiji. Reli iliokoka, bali ajira ya machimboni haikurudi. Waokoaji walipofika, mchimbaji alikuwa amekwisha kupoteza kazi yake.

Hapo ndipo penye fundisho, Ndugu Wajumbe. Mali ya wengi isitegemee wema wa mtu mmoja, awe mwenyekiti, katibu au mfadhili. Ghala lenye paa bovu, mizani iliyoharibika, na daftari analolielewa katibu peke yake, hayo ndiyo mataruma yanayooza katika vyama vyetu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mkutano mkuu hauna budi kuuliza mapema: fungu la matengenezo li wapi? Nani anafundishwa kuishika kazi hii kesho? Maswali hayo yaulizwe wakati chama kingali hai na wanachama wangali na kazi yao mkononi.