ANAYESHIKA UFAGIO NDIYE MLINZI WA ZAHANATI
(Hotuba kwa wananchi wa Kirumba, Mwanza)



Leo nataka kuwaambieni habari za mtu ambaye hatukumwalika katika mkutano huu. Ni mama mfagizi wa zahanati. Mnamfahamu. Kabla dagaa hawajaanikwa pale Mwaloni, yeye yuko kazini na ndoo yake.

Wengi hudhani kazi yake ni kufagia tu. Hapana, ndugu zangu. Yeye hafagii pakavu, maana vumbi hupanda na kuchukua vijidudu mpaka kitandani kwa mgonjwa; hupiga deki kwa maji. Huanza penye usafi, huishia penye uchafu. Huchanganya klorini: kopo moja la dawa ya asilimia 3.5 kwa makopo sita ya maji. Damu ikimwagika, huimwagia dawa hiyo na kungoja dakika 10 kabla ya kuifuta. Sanduku la sindano zilizotumika hulifunga likifika robo tatu, hangoji lifurike.

Msiidharau ndoo hiyo. Mwaka 1847, katika mji wa Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliona wazazi wakifa kwa homa ya uzazi, karibu mmoja katika kila kumi. Akaamuru madaktari wanawe mikono kwa maji ya klorini. Mwaka 1848 vifo vilishuka hata kufikia kama mmoja katika kila mia. Hata hivyo, wakubwa wengi wa utabibu walimpinga. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Na jambo hili halijaisha. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba katika nchi kama zetu, wagonjwa 15 katika kila 100 wanaolazwa hospitali hupata humo humo ugonjwa ambao hawakuja nao. Katika nchi tajiri ni 7. Anayesimama kati yetu na ugonjwa huo ni mama huyu.

Sasa nitasema neno chungu. Katika zahanati ndogo mganga huwa mmoja. Akiitwa mjini, ni nani anayefungua mlango, anayepanga foleni, anayemshika mkono mzazi mwenye uchungu? Ni mfagizi. Kisha sisi humwambia, "Mama, nichome hiyo sindano, wewe umeshazoea." Ndugu zangu, tusimwombe hivyo. Hakufundishwa, na mtu akidhurika lawama itakuwa yake. Kama tunaona ana uwezo, tumdai nafasi ya kusoma. Lakini si haki kumfanya mganga siku tunayomhitaji, na kumfanya topasi siku ya mshahara.

Kwa hiyo yatupasa kudai mambo manne. La kwanza, glovu nene na viatu vya mpira. La pili, chanjo ya homa ya ini aina ya B, sindano zote tatu, kwa sababu sindano chafu humchoma yeye kwanza. La tatu, mshahara wake ufike kwa wakati. La nne, kamati ya zahanati ikikutana, yeye aitwe na asikilizwe.

Kesho mkifika zahanati na kukuta sakafu imelowa, futeni miguu, mseme, "Pole na kazi, mama." Kisha mwulizeni mwenyekiti wa kamati: glovu zake ziko wapi?