MANENO YA KATIBU WA TAWI KUHUSU KARAKANA YA MBAO NA VIWANJA VYA JIRANI

*Kwa wanachama wote wa tawi na wakazi wa mtaa.* Haya ndiyo aliyozungumza Katibu kwenye mkutano wa Jumapili. Yameandikwa kwa ajili ya waliokosa kufika. Tafadhali soma hadi mwisho kabla ya kumtumia mwenzako.



Ajenda yetu leo ni moja. Kwa wiki tatu kundi letu la WhatsApp limejaa maneno kuhusu karakana ya mbao. Wapo wanaotaka ifungwe kesho asubuhi. Wapo wanaosema kila anayelalamika ana wivu na mwenye mali. Watu waliosaidiana misibani kwa miaka sasa hawasalimiani. Naomba tushushe sauti, tuliangalie jambo lenyewe.

*HALI ILIVYO*

Karakana hii wote tuliiona ikianza, fundi mmoja na vijana wawili chini ya mwembe. Leo ina vijana zaidi ya kumi, na wengi wao ni watoto wetu wa mtaa huu. Madawati ya shule yetu yakivunjika, ndiyo inayoyatengeneza. Hilo tuliseme wazi, maana ni kweli.

Sasa mwenye karakana amenunua viwanja viwili vya jirani. Anataka kuweka mashine kubwa ya kupasua na kuranda, pamoja na stoo ya mbao zinazoshushwa kutoka Mafinga. Ukuta wa katikati umeshavunjwa na nguzo za banda zimesimama. Viwanja hivyo vyote viwili hati zake zinasema *makazi*. Tangazo la kuomba kubadilisha matumizi hakuna aliyeliona, na Serikali ya Mtaa haijaletewa barua yoyote.

*SHERIA INASEMAJE*

Nimesikia mtu akisema, "Amenunua kwa pesa yake, ana leseni, analipa kodi, mnamuuliza nini?" Ndugu zangu, hapa ndipo tunapochanganya mambo.

Leseni ya biashara inakuruhusu kufanya biashara. Haibadilishi matumizi ya kiwanja. Kununua kiwanja kunakupa kiwanja pamoja na masharti yake, na sharti la kwanza ni matumizi yaliyoandikwa kwenye hati. Chini ya Sheria ya Mipango Miji, Namba 8 ya mwaka 2007, mtu haendelezi ardhi ya mjini bila kibali cha mamlaka ya upangaji, ambayo kwetu ni halmashauri. Akitaka kutoka makazi kwenda kiwanda, aombe. Kusudio lake litangazwe ili mwenye pingamizi aseme, wataalamu wakague, na Kamati ya Mipango Miji na Mazingira ya madiwani ijadili kabla maombi hayajaendelea mbele. Kibali cha ujenzi nacho ni cha halmashauri. Mwenyekiti wa Mtaa hana mamlaka ya kukitoa, na chama ndiyo kabisa.

Wengine wameshauri twende Baraza la Ardhi. Hakuna hapa anayegombania mpaka wala umiliki. Kiwanja ni chake, hilo hatubishani. Tunachouliza ni matumizi, na mlango wa kwanza wa swali hilo ni ofisi ya Mipango Miji ya halmashauri.

*KWA NINI TUSINYAMAZE*

Wapo wanaosema tuache, riziki ni riziki. Naomba watembelee nyumba tatu zilizo nyuma ya karakana saa tatu usiku. Mtoto wa darasa la saba hawezi kusoma msumeno ukilia. Vumbi la mbao linaingia hadi kwenye sufuria, na mwenye pumu hafungui dirisha.

La pili ni moto. Mbao kavu, vumbi, vanishi na thina, vyote sehemu moja, na ukuta unaofuata ni wa chumba cha kulala. Njia yetu ya kupita mnaijua. Lori la mbao likishusha, hata bajaji haipiti. Siku tukipiga 114, gari la Zimamoto litapita wapi?

La tatu ni kesho yetu. Sinza ya Dar es Salaam ilipimwa miaka ya 1970 chini ya mradi wa viwanja na huduma, ili watu wa kipato cha kawaida wapate pa kuishi. Pita leo Barabara ya Shekilango uone baa, maduka na gereji zilivyojipanga. Hatusemi yote hayo ni mabaya, wengi wamepata riziki pale. Lakini mtaa hubadilika kiwanja kimoja kimoja, na wanaonyamaza kwenye kiwanja cha kwanza hukosa la kusema kwenye cha kumi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

*MSIMAMO WA KAMATI YA TAWI*

Kamati ilikaa Alhamisi na kukubaliana haya:

*1.* Hatutaki karakana ifungwe. Vijana wale wakikosa kazi, sisi ndio tutakaowalisha.

*2.* Ujenzi kwenye viwanja viwili vipya usimame hadi maombi ya kubadilisha matumizi yapelekwe na kujibiwa. Tumemwandikia Mtendaji wa Mtaa, nakala kwa Diwani, tukiomba Afisa Mipango Miji afike kukagua.

*3.* Maombi yakiletwa, tutapendekeza masharti: mashine zizimwe saa kumi na mbili jioni, mbao zisishushwe usiku, njia ibaki wazi muda wote, na vanishi na thina zihifadhiwe mbali na ukuta wa jirani kwa ushauri wa Zimamoto. Kuhusu kelele, zipo kanuni za mazingira za mwaka 2015 zenye viwango, na vya usiku ni vikali kuliko vya mchana. Tuombe wapimaji waje, tuache kubishana kwa masikio.

*4.* Mashine kubwa ya kupasua isiwekwe katikati ya nyumba. Tunaomba halmashauri na SIDO wakae na mwenye karakana wamtafutie eneo la viwanda vidogo, ili akue bila kugombana na mtu. Kazi ndogo za useremala zibaki hapa hapa.

*KUHUSU SARUJI*

Hili nalisema hadharani ili lisisemwe vichochoroni. Wiki iliyopita mwenye karakana alituma ujumbe kwamba angependa kuchangia saruji na mbao za ofisi yetu ya tawi. Kamati imemshukuru na imekataa. Ofisi yetu haina sakafu, mnajua, na mvua zinakuja. Lakini tukikanyaga saruji yake, mama wa nyumba ya nyuma atakuja kulalamika kwa nani? Suala hili likiisha, kwa namna yoyote, akitaka kuchangia tutapokea kwa risiti mbele ya mkutano.

*TUNAKUOMBA UFANYE NINI*

Serikali ya Mtaa imeombwa kuitisha mkutano wa wakazi. Tarehe ikitoka tutaituma hapa. Ule ni mkutano wa wakazi wote, wa chama chetu, wa vyama vingine na wasio na chama. Usivae sare. Msumeno haumchagui mtu kwa kadi yake.

Unayeishi jirani na karakana, andika malalamiko yako kwa mkono: tarehe, saa, kilichotokea, na sahihi yako. Peleka kwa Mtendaji, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Maneno ya WhatsApp hayaingii kwenye faili.

Vijana wa karakana, nanyi njooni mseme. Kazi yenu ni sehemu ya suala hili, msisemewe na mtu.

Na mwenye karakana, ambaye najua ujumbe huu utamfikia kabla ya chakula cha jioni: ndugu yetu, hatuna ugomvi nawe. Simamisha nguzo hizo, peleka maombi, njoo mkutanoni utueleze mpango wako. Ukifuata njia, utatukuta tumekaa kukusikiliza.

Mwisho, ni marufuku kwa mwanachama yeyote kwenda kung'oa nguzo au kufunga njia. Atakayefanya hivyo amejituma mwenyewe, na Kamati itamwita.



*Katibu wa Tawi*
_Mjulishe na jirani asiye na simu._