Kiendeshi cha Hifadhidata na Shilingi ya Mkazi wa Membley

Katika mitaa ya makazi iliyopanuka kando ya Barabara Kuu ya Thika, Membley ya Ruiru ikiwa mojawapo, ni jambo la kawaida nyumba kadhaa kuzungukwa na ukuta mmoja wenye lango moja, na wakazi wake wakachangia kwa pamoja gharama za ulinzi, taka na maji, michango ambayo tangu M-Pesa ianzishwe mwaka 2007 imekuwa ikilipwa kwa simu na kuacha rekodi inayosomeka na kompyuta. Rekodi hizo hupangwa katika jedwali, ambamo kila safu ya mlalo ni muamala mmoja wa malipo, na kila safu ya wima hubeba aina moja ya taarifa: nyumba, nambari ya simu, kiasi, tarehe na msimbo wa muamala. Jedwali lenyewe mara nyingi huwekwa kwenye wingu, yaani katika kompyuta za kukodi zinazoendeshwa na kampuni nyingine mbali na mtaa. Mhadhara huu unakitazama kipande cha programu kinachosimama kati ya jedwali hilo na mtumiaji wake, kiitwacho kiendeshi, na unashikilia kwamba usahihi wa hesabu ya mkazi huamuliwa hapo zaidi kuliko mahali pengine popote.

Majedwali ya aina hii yana asili katika nadharia iliyochapishwa na Edgar Codd mwaka 1970, nayo huulizwa kwa lugha ya SQL. Programu inayoliuliza jedwali, kwa upande wake, mara nyingi huandikwa kwa JavaScript, lugha iliyobuniwa na Brendan Eich mwaka 1995 kwa ajili ya vivinjari, kabla ya Node.js ya Ryan Dahl, programu inayoiendesha nje ya kivinjari, kuipa nguvu mpya upande wa seva mwaka 2009. Kazi ya kiendeshi ni kuzifasiria pande hizi mbili: hulichukua swali kutoka kwa programu, hulituma kwa itifaki inayoeleweka na hifadhidata, kisha hugeuza majibu yawe vitu ambavyo JavaScript inavijua. Kiendeshi hukaa kwenye seva, si katika kivinjari cha mkazi, kwa sababu nywila ya hifadhidata ikishaingizwa katika ukurasa unaofunguliwa na kila simu, haiwi siri tena.

Swali lenyewe linastahili kutazamwa kwa karibu. Mweka hazina anayetaka malipo ya simu fulani huandika nambari katika kisanduku, na mwandishi wa programu asiye mwangalifu huibandika nambari hiyo moja kwa moja ndani ya sentensi ya SQL. Mtu mwenye nia mbaya akiandika humo ' OR '1'='1 badala ya nambari, sharti la swali huwa kweli kwa kila safu, na malipo ya mtaa mzima humwagika mbele yake. Kiendeshi cha pg, kinachotumiwa na wengi kuiunganisha Node.js na hifadhidata ya PostgreSQL, hutoa njia iliyo salama: swali huandikwa SELECT nyumba, kiasi FROM malipo WHERE simu = $1, na nambari ya simu hutumwa kando, hivyo kwamba hifadhidata huipokea kuwa thamani tu na haiwezi kuisoma kuwa amri. Hakuna udhuru wa kuiacha njia hii, hata katika programu ndogo ya nyumba sitini.

Umbali nao una gharama yake. Amazon ilifungua vituo vyake vya wingu Cape Town mwaka 2020, na kwa kuwa mwanga ndani ya nyaya za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwenda na kurudi kati ya Nairobi na Cape Town hakuwezi kupungua chini ya milisekunde 40. Programu inayoomba kwanza orodha ya nyumba 60, kisha ikauliza malipo ya kila nyumba peke yake, mojamoja, hufanya safari 61, na zaidi ya sekunde mbili hupotea njiani hata kabla kazi yoyote haijahesabiwa. Swali moja linalounganisha jedwali la nyumba na la malipo hulipa safari moja tu. Kufungua muunganisho mpya pia hudai safari kadhaa, ndiyo maana kiendeshi hutunza akiba ya miunganisho iliyo wazi na kuiazima kwa zamu.

Hatari isiyoonekana zaidi imo katika aina za data. Kiasi kilichohifadhiwa kama numeric, aina ya PostgreSQL inayotunza desimali bila kupoteza usahihi, hurudishwa na pg kikiwa maandishi, kwa kuwa nambari za JavaScript haziwezi kuubeba usahihi huo wote. Programu ikijumlisha 1500 na 300 bila kuvigeuza kwanza kuwa namba, huvibandika tu pamoja na kupata 1500300, na mkazi aliyelipa shilingi elfu moja na mia nane huonekana amelipa zaidi ya milioni moja na nusu. Nambari ya simu ikihifadhiwa kama namba, sifuri yake ya mwanzo hupotea. Malipo yaliyofanywa Juni 1 saa saba na nusu usiku, yakisomwa kwa saa za UTC zilizo nyuma ya Nairobi kwa saa tatu, huangukia Mei 31 na kuingia katika ripoti ya mwezi mwingine.

Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Kenya ikiwemo. Katika hali kama hiyo pg isiyowekewa kikomo haiweki yenyewe mwisho wa kusubiri muunganisho, kwa hiyo kikomo cha muda hakina budi kuwekwa tangu mwanzo. Hata hivyo, kikomo kikipita wakati malipo yanaandikwa, seva haijui kama yaliingia au la. Safu ya msimbo wa muamala ikiwekewa sharti la kutojirudia, programu inaweza kuituma amri ileile tena, na hifadhidata itaikataa nakala ya pili.