Neno "Pole" kwa Mwanafunzi wa Kichina: Maana na Matumizi katika Miteremko ya Kilimanjaro

Wachina wamekuwa wakijifunza Kiswahili kwa miongo mingi, na Redio Peking ilianza kutangaza kwa lugha hii mwaka 1961. Hata hivyo, mwanafunzi wa Kichina afikaye Moshi leo hukutana na neno moja dogo ambalo kamusi haimtoshi kulielewa. Mhadhara huu unadai kwamba neno pole halikiri kosa, bali linatambua kuwa mwenzako amebeba mzigo.

Shina lake ni kivumishi -pole, chenye maana ya utulivu na kutokuwa na ukali, ambacho hutupatia mpole na upole, nacho kina undugu na kitenzi poa, yaani kupungua joto. Likirudiwa huwa kielezi polepole, yaani bila haraka, na ndilo neno ambalo waongozaji huwahimiza nalo wapandaji kutoka lango la Marangu hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895, ambako kanieneo ya hewa ni takriban nusu ya ile ya pwani, hivyo mwili huhitaji muda wa kuzoea. Hapa Mchina hapati taabu, kwa kuwa lugha yake nayo hurudia neno, ikasema man man.

Ugumu huanza pale anapolifasiri pole kwa neno la Kiingereza sorry, ambalo hubeba majuto na huruma kwa pamoja. Mama anayeelekea soko la Marangu Mtoni akiwa na mkungu wa ndizi kichwani huambiwa na mpita njia, "Pole kwa mzigo, mama," naye hujibu, "Asante, nimeshapoa." Mpita njia hakumkosea; kama angekuwa amemkanyaga, angeanza na samahani, neno la kuomba radhi, ndipo aongeze pole kwa ajili ya maumivu. Jibu la mama nalo hulirudisha neno kwenye undugu wake na poa, kana kwamba taabu ni joto lililoshushwa na kauli ya mwenzake.

Kumbe Kichina kina njia fupi zaidi ya kulifikia neno hili: xinku le, kauli ya kutambua jasho la mtu aliyefanya kazi, iko karibu na "pole kwa kazi" kuliko sorry. Kufanana huko kuna mpaka, kwani pole huenda pia kwa mgonjwa, kwa msafiri na kwa wafiwa, ambao kwa wingi wao huambiwa poleni, likipokea kiambishi -ni kama kitenzi cha kuamrisha.

Kwa hiyo mwalimu alifundishe neno hili pamoja na mzigo unaolisababisha na jibu linalolipokea, maana mgeni anayempa pole mpagazi aliyetua mzigo wake katika kambi ya Horombo mlimani, akangoja kujibiwa, ameshajifunza pia adabu ya wenye lugha.