Kivuli Kikae Nje

Leo naomba tupande pamoja juu ya paa la kitalu nyumba, kwa sababu fedha nyingi za vijana na za vikundi vya akina mama zinaungulia pale, huku lawama ikitupiwa mbegu.

Tuanze na hesabu. Jua la saa sita mchana pasipo wingu, katika nchi hizi za karibu na Ikweta, hushusha takriban wati 1,000 kwenye kila mita ya mraba. Kitalu cha mita 8 kwa 15, ambacho wengi wanaanzia nacho, kina mita za mraba 120. Ni sawa na kuchomeka pasi za umeme 120, kila moja ya wati 1,000, ukaziacha ziwake huku mlango umefungwa. Kweli, si jua lote linalopenya nailoni, na mimea nayo hupunguza joto kwa kutoa mvuke. Hata hivyo, toa theluthi nzima: bado umebaki na pasi 80.

Nyanya haina ugomvi na mchana wa nyuzijoto 21 hadi 29 hivi. Joto likipita 32 na kudumu siku kadhaa, chavua inadhoofika na ua halishiki tunda. Ukitaka kuona, inama ushike kikonyo cha ua. Katikati yake kuna kifundo kidogo, kama goti. Kifundo hicho kinageuka njano kwanza, halafu ua linakatika papo hapo na kudondoka likiwa bado na petali zake. Mwenye kitalu anaokota maua chini, anakimbilia duka la pembejeo, anauziwa busta. Anapulizia, maua yanaendelea kupukutika. Na yale matunda machache yaliyoshika nayo yana kisa chake: joto kali huzuia rangi nyekundu kujijenga, basi nyanya inaiva na mabega ya njano, na dalali sokoni hataki hata kuligeuza tenga.

Hapo ndipo wengi wanaponunua neti ya kivuli. Uamuzi mzuri. Tatizo ni mahali wanapoitundika. Utaikuta imetandazwa vizuri kabisa, nyeusi, imekazwa kwa waya, lakini iko ndani, chini ya nailoni.

Jua likishapita nailoni, limeshaingia nyumbani. Likiigonga ile neti nyeusi, neti inapata moto, na joto lake linatoka kwenda kwenye hewa ileile ya kitalu. Mmea umepata kivuli, ndiyo, lakini umekaa chini ya dari inayochemka. Tena neti hiyo inaziba njia ya hewa moto iliyotaka kupanda na kutokea kileleni. Itoe neti nje, juu ya paa, na mambo yanabadilika. Itapata moto vilevile, ila joto lile litachukuliwa na upepo kabla halijakufikia.

Wala si ugunduzi wa juzi. Mwaka 1851, pale Hyde Park, London, Joseph Paxton, mtunza bustani aliyezoea kujenga nyumba za vioo za mimea, alisimamisha Crystal Palace kwa ajili ya maonyesho makubwa ya dunia. Alijua kioo chote kile kingewachemsha wageni. Akatandaza vitambaa vya turubai juu ya paa, kwa nje, na viliweza kumwagiwa maji ili vipoze zaidi. Hiyo ni London, mji ambao jua lake sisi tungeliita la kuanikia tu nguo, na bado liliwashughulisha.

Sasa mtindo wa neti ya ndani tumeutoa wapi? Tumeurithi kutoka Ulaya ya kaskazini, ambako pazia la ndani lina kazi ya pili: usiku wa baridi linazuia joto lisitoroke. Kwa Uholanzi hiyo ni akili, maana kule wanalipia gesi ya kupashia moto. Mkulima wa Kibaha au wa Kilifi anahifadhi joto gani usiku?

Ukiamua kuitoa nje, usiilaze neti juu ya nailoni. Iinue kwa nguzo na waya, ibaki nafasi ya angalau sentimita 30 ambamo upepo unapita. Kwa nyanya na pilipili hoho, neti inayozuia asilimia 30 hadi 40 ya mwanga inatosha. Ile ya asilimia 75 utauziwa kwa maneno matamu, lakini chini yake mimea hurefuka kama inayotafuta dirisha, shina linalegea na mavuno yanapungua. Rangi nyeupe au ya kung'aa kama fedha ni bora kuliko nyeusi kwa sababu inarudisha sehemu ya jua ilikotoka. Fungia kamba ili neti ivutwe na kukunjwa: ifunike saa nne asubuhi, ifunuliwe saa kumi jioni, na siku za mawingu ya masika iachwe imekunjwa. Wakulima wa Uholanzi wana kanuni yao kwamba kila asilimia moja ya mwanga unayopoteza inaondoka na karibu asilimia moja ya mavuno. Kivuli cha kudumu mwaka mzima kina gharama yake.

Na tukumbuke upepo. Kusi ikianza kuvuma, neti iliyofungwa kivivu inageuka tanga, inaondoka na nguzo zake. Kaza.

Asiye na fedha ya neti kuna chokaa. Almería, kusini mwa Hispania, wana zaidi ya hekta 30,000 za vitalu vya nailoni, na kiangazi wanayapaka mapaa yao chokaa nyeupe, kisha wanaiosha jua linapopoa. Ubaya wa chokaa ni kwamba huwezi kuikunja siku ya wingu. Mvua nayo inaiosha bila kukuuliza.

Kivuli peke yake hakitoshi, hilo niliseme wazi. Kitalu kisicho na tundu la kileleni na kuta za neti kitaendelea kuwa tanuri hata ukikifunika blanketi. Kwa ukanda wa chini wenye joto, maoni yangu ni kwamba wengi hawahitaji kuta za nailoni kabisa: paa la kuzuia mvua, neti ya wadudu pembeni, na kivuli juu.

Ninaowalaumu ni wauzaji wenye mchoro mmoja, wanaoupeleka Njombe kwenye baridi na kuuleta Pwani kwenye joto bila kubadilisha hata bomba. Kwa hiyo, wewe uliye mbioni kusaini mkopo wa kikundi, isome orodha ya vifaa kabla ya kuweka kidole. Kama haina tundu la kileleni na neti ya kivuli ya kufungwa nje, irudishe, na usilipe malipo ya awali mpaka iandikwe upya.