Kiwiko Kinachouma kwa Kazi ya Kila Siku

Msikilizaji, kama unasukuma chapati, unapaka rangi au unakaza skrubu kutwa nzima, huenda unayajua maumivu ya upande wa nje wa kiwiko. Kuinua kikombe cha chai tu, mkono unalegea. Mara nyingi tatizo si mfupa. Misuli inayoinua kiganja imejishikiza hapo kwa kano, na kano hiyo imechoshwa na kazi ileile isiyo na mapumziko.

Mtaalamu wa fiziotherapia huulaza mkono wako mezani, kiganja kikitazama chini, kisha kwa kidole gumba hukandamiza taratibu akifuata msuli kuelekea kiwikoni. Akifika palipokaza, hutulia hapo mpaka palegee. Maumivu yawe ya kuvumilika. Anayekukanda hadi unapiga kelele anakuumiza, mwambie aache. Kukandwa huleta nafuu ya muda. Kano yenyewe hupata nguvu kwa mazoezi ya polepole, wiki hadi wiki, kwa hiyo usiyakatishe.

Na tafadhali sana, si kila maumivu hukandwa: mguu uliovimba ghafla, wenye joto na maumivu kwenye shavu lake, usikandwe. Huenda damu imeganda kwenye mshipa. Nenda hospitali leo hii.