Kuyasoma Maji ya Rufiji

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme maneno machache yatakayowafaa vijana. Wenzangu walionitangulia wamezungumzia mitihani na kazi. Mimi nitazungumzia maji, maana wengi wenu kwenu ni Kibiti, Ikwiriri, Muhoro na visiwa vya delta, na wakati wa masika hamna budi kuvuka.

Hapa hapa tulifundishwa kwamba Mto Rufiji huanzia pale Kilombero na Luwegu inapokutana, kisha Ruaha Mkuu huingia. Bonde lake lote lina kilomita za mraba zipatazo 177,000, karibu sehemu moja ya tano ya Tanzania Bara. Kwa hiyo mvua iliyonyesha Mbeya, Iringa na Morogoro hutufikia siku kadhaa baadaye, pengine kwetu jua linawaka. Swali hilo nililijibu vizuri kwenye mtihani. Sikulielewa mpaka mwaka 1998.

Masika yale ya El Nino, mdogo wangu alinijia asubuhi kuniuliza kama avuke kwenda kuokoa mpunga. Nilitazama juu, sikuona wingu. Nikamwambia, "Nenda, leo kumetulia." Maji yalikwisha kugeuka rangi na magogo yalikuwa yakipita. Niliyaona, wala sikuyasoma. Gogo liliugonga mtumbwi wake katikati ya mto. Tulimpata siku ya tatu, kwenye mikoko. Aliniuliza mimi kwa sababu mimi ndiye niliyesoma.

Ndugu zangu, si sisi peke yetu tunaodanganywa na jua. Katika milima ya Alps huko Ulaya, baridi inapoisha, jua zuri la asubuhi ndilo linaloilainisha theluji hata ikaporomoka mchana na kufukia watu. Wenzetu hao hutangaziwa kiwango cha hatari, kuanzia 1 hadi 5, kabla hawajapanda. Hatari yao, kama yetu, imerundikana juu, mahali wasipopaona.

Basi vijana, kabla ya kuvuka ulizeni mambo matatu. Kwanza, huko juu mvua imenyeshaje? Sikilizeni taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ya mikoa ya juu, si ya Pwani tu. Pili, mwezi una siku ngapi? Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari huwa ya bamvua. Maji yakijaa huuzuia mto usitoke, na delta hufurika kutoka pande mbili. Tatu, maji yenyewe yanasemaje? Chomekeni kijiti ukingoni jioni, mkitazame alfajiri. Kikizama, msivuke.

Wapo watakaosema siku hizi tuna Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022. Ni kweli bwawa huweza kupunguza nguvu ya mafuriko, lakini bwawa likijaa, maji hayana budi kufunguliwa. Aprili 2024 Rufiji na Kibiti zilifurika, na mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikafika pwani yetu. Bwawa halijatuondolea wajibu wa kuuliza.

Wala sisemi tuukimbie mto. Wazee wetu walihamishiwa vilimani mwishoni mwa miaka ya 1960, lakini waliendelea kushuka bondeni kulima, kwa kuwa mafuriko ndiyo yanayoleta rutuba, na yakipungua ndipo tunapanda mlau. Walijenga madungu, wakalala juu, wakasubiri. Kusubiri si woga. Mpunga hupandwa tena.

Ndugu Mwenyekiti, naomba chama chetu kisimike nguzo yenye alama za kupimia maji kwenye kivuko, na wanafunzi waandike kipimo katika daftari kila asubuhi. Gharama yake ni ndogo, nami nitatoa mbao na saruji. Siku kijana atakapoulizwa na mdogo wake kama avuke, asitazame mbinguni kama nilivyofanya mimi. Akafungue daftari.